Meko Namba Arobaini na Moja

Velma Tolliver alikataa kuketi.

"Miaka thelathini na moja nimeendesha basi la jiji la Detroit nikiwa nimekaa," alisema. "Leo nitasimama, mwanangu. Wewe kaa."

Aili Kettunen hakukaa. Alikisukuma kiti chake chini ya meza ya chuma ya jela ya wilaya, akafungua daftari, akaandika saa: mbili na dakika kumi asubuhi, Alhamisi. Alikuwa mpelelezi wa moto wa jimbo, mwanamke wa miaka hamsini na nne, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Sheria ilitaka kila moto uliomjeruhi mtu upitiwe na mpelelezi wa jimbo. Faili la moto wa Jumapili katika hifadhi ya Ziwa Penfold lilimfikia jana jioni likiwa limekwisha kufungwa. Walichotaka kwake ni sahihi yake tu.

Lilikuwa faili la kurasa nne. Lilisema Velma Tolliver, miaka sitini na saba, dereva mstaafu, mkazi wa Detroit, alipiga kambi na rafiki zake wawili kwenye kiwanja namba 41, akaondoka Jumapili saa saba mchana bila kuzima moto wake. Saa tisa na nusu moto ukatoka mekoni, ukashika nyasi kavu, ukateketeza karavani mbili. Mzee Lyle Hoekstra, aliyekuwa amelala ndani ya mojawapo, alikuwa hospitalini akipumua kwa mashine. Leo saa tisa alasiri hakimu angeamua kama Velma apelekwe mahakama kuu au aende nyumbani. Na mzee akifa, kosa lingegeuka kuwa la kuua.

"Ulimwambia naibu sherifu kwamba kuni ulizinunua langoni," Aili alisema. "Mwenye kibanda cha kuni anasema hakukuuzia hata kijiti."

Velma alitazama ukuta. Alikuwa mwanamke mrefu, nywele za mvi zimekatwa fupi, na nguo za jela zilikuwa fupi kwake mikononi.

"Nilidanganya."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu langoni pana bango kubwa kuliko hili dirisha lako: usilete kuni kutoka nje, zina wadudu wanaoua miti. Na mimi nilikuwa nazo kwenye buti la gari. Mti wa uani kwetu. Wadudu haohao waliuua, jiji likatuambia tuukate. Mume wangu Roscoe aliukata mwenyewe, akapasua, akapaka kila kipande rangi ya kijani kwenye ncha ili zisipasuke zikikauka. Rangi ya baraza letu, iliyobaki. Machi akafariki." Akanyoosha mikono ya shati. "Sikutaka kuziwasha peke yangu uani kama mwizi. Nikawaambia Dolores na Earlene, twendeni porini, tumpe mzee moto wake."

"Hilo nalo ni kosa, Mama Tolliver. Wale wadudu husafiri ndani ya kuni."

"Najua ni kosa. Niandikie. Nitalipa. Lakini kosa hilo si hili."

Aili aliandika. "Niambie ulivyozima."

"Ndoo tatu za maji. Dolores akasema moja inatosha, unataka kufuga samaki? Nikamwambia beba maji, mama, acha maneno. Nikamwaga, nikakoroga kwa mpini wa ufagio, nikamwaga tena, nikakoroga tena mpaka ikawa uji. Kisha nikaweka kiganja." Aliweka kiganja juu ya meza, vidole vimetawanyika. "Kama huwezi kuweka mkono, huwezi kuondoka. Bibi yangu kule Alabama alikuwa akichemshia watu nguo uani kwa masufuria ya chuma. Nimezima moto kabla sijajua kusoma."

"Mpini wa ufagio uko wapi?"

"Niliuacha umesimama humo mekoni, ili anayekuja aone pamezimwa. Na kuni zilizobaki, vipande sita, nikazipanga pembeni. Yule mzee mwenyeji wa kambi alitwambia Ijumaa tulipofika: hapa hatuondoki na kuni, unamwachia anayekuja. Nikafurahi. Nikasema, hawa watu wana adabu zao."

"Haya yote ulimwambia naibu sherifu?"

"Yule kijana?" Velma alicheka bila furaha. "Aliniuliza kama ni mara yangu ya kwanza kupiga kambi. Nikasema ndiyo. Akaandika. Halafu akafunga daftari lake."

Aili alifungua ukurasa wa tatu wa faili. Sentensi ilikuwepo kama ilivyosemwa: *Mtuhumiwa hana uzoefu wa kambi.* Chini yake hapakuwa na swali lingine. Hapakuwa na picha ya meko.

*

Hifadhi ya Ziwa Penfold ilikuwa mwendo wa saa moja kutoka Detroit. Kesho ingekuwa Ijumaa ya kuingia sikukuu ya wafanyakazi ya Septemba, na langoni tayari watu wawili walikuwa wakibandika tangazo kwamba viwanja vyote vimejaa. Mstari ulioungua ulikuwa umezungushiwa utepe wa manjano. Viwanja vinane, namba 36 hadi 43, vilipangwa kutoka magharibi kwenda mashariki. Upande wa magharibi, kabla ya 36, palikuwa na jengo la vyoo. Mwisho wa mashariki, kwenye 42 na 43, yalibaki mabati na magurudumu ya karavani mbili.

Aili hakwenda kwenye karavani. Alianza na nguzo.

Kila kiwanja kilikuwa na nguzo fupi ya mti yenye namba. Moto wa nyasi ukifika kwenye nguzo huila usoni, upande unaokutana nao kwanza, na mara nyingi mgongo hubaki. Nguzo ya 43 ilikuwa imeungua uso wa magharibi. Hilo lilikubaliana na faili: moto ulitoka 41, ukaenda mashariki na upepo. Akaja 40. Kama moto ulianzia 41 na kurudi nyuma, nguzo ya 40 ingeungua upande wa mashariki. Ilikuwa imeungua upande wa magharibi. Ya 39 vilevile. Ya 38, ya 37. Na ya 41 yenyewe, nguzo iliyosimama hatua tatu kutoka kwenye meko yanayodaiwa kuanzisha moto, upande uliotazama meko ulikuwa na rangi yake ya kahawia. Ulioungua ni ule uliotazama vyoo.

Alipiga picha kila moja, kwa rula pembeni.

Kisha akapiga magoti kwenye meko. Kila kiwanja kilikuwa na duara lake la chuma lililozikwa nusu ardhini. Meko ya 36 yalikuwa matupu mpaka mchanga, na mchangani palikuwa na mikwaruzo mipana ya beleshi. Juu ya mikwaruzo palitanda masizi mepesi, yaliyoletwa na moto wenyewe. Kwa hiyo meko yalizolewa kabla ya moto. Ya 37 hivyohivyo. Ya 38, 39, 40, matupu. Ya 42 na 43 pia yalikuwa matupu.

Ya 41 yalikuwa yamejaa. Majivu yalikuwa yameganda kama ukoko wa wali, kijivu, na katikati umesimama mpini wa ufagio, mwekundu. Aili aliugusa. Haukutikisika. Juu ya ukoko masizi yaleyale mepesi yalikuwa yametulia kama unga juu ya meza.

Majivu hayagandi hivyo bila maji. Mvua haikunyesha tangu mwanzoni mwa Agosti. Maji ya zimamoto yangeyaosha masizi, na masizi yalikuwepo. Basi maji yaliingia humu kabla ya moto.

"Afande! Utaharibu magoti!"

Kigari cha umeme kilisimama kwenye utepe. Aliyekiendesha alikuwa mzee mwembamba mwenye kizibao cha kijani na kofia ya majani, kikombe cha kahawa mkononi. Huyu ndiye Harlan Brandsma, mwenyeji wa kambi. Alikuwa mgane wa miaka sabini na moja, aliyeishi kwenye karavani yake mle hifadhini tangu Mei hadi Oktoba, hii ikiwa kiangazi chake cha kumi na mbili. Hakulipwa. Alipewa kiwanja bure ili apokee wageni, agawe ramani na kusafisha meko. Ndiye aliyesema ameuona moshi ukitoka 41.

"Njoo unywe kahawa," alisema. "Hapo pananuka. Mimi mwenyewe silali tangu Jumapili. Lyle ni rafiki yangu. Tulikuwa tukicheza karata kila Jumamosi."

"Nitakuja," Aili alisema.

Karavani ya Harlan ilikuwa kando ya lango, mbali na moto. Palikuwa pamepangwa kama sebule. Zulia la plastiki, viti vinne, maua ndani ya buti kuukuu. Mezani palikuwa na bati la biskuti za tangawizi. Alimimina kahawa huku akisema.

"Watu wa kambi tunajuana. Anayejua kambi utamwona tu anavyoshuka kwenye gari. Wale akina mama walikuja na sufuria za chuma, kambale wa kukaanga, redio, viti vya harusini! Watu wazuri, sisemi. Walinipa pai ya pichi. Lakini moto haujali uzuri wa mtu."

"Pai ilikuwaje?"

Harlan alitazama kikombe chake. "Nzuri sana," alisema.

Nyuma yake, chini ya turubai la bluu, palikuwa na lundo la kuni. Kona moja ya turubai ilikuwa imeinuliwa na upepo. Ncha za kuni za mbele zilikuwa nyeupe, zenye kibandiko cha kibanda cha langoni. Ncha sita za chini zilikuwa za kijani.

Aili alikunywa kahawa. "Jumapili ulizoa majivu?"

"Sikuwahi. Huwa nazoa saa saba mpaka saa tisa, watu wakishatoka, kabla wengine hawajaingia. Lakini Jumapili hiyo moto uliniwahi."

"Moto ulianza saa tisa na nusu."

"Nilichelewa kidogo."

"Kwa hiyo hukukaribia 41 kabisa?"

"Sikukaribia. Niliuona moshi kwa mbali tu, nikiwa kwenye kigari."

Aliandika neno kwa neno, akamsomea, akamwomba atie sahihi. Harlan alitia bila kusoma. Wakati huo lori lilipita langoni likiunguruma, likapinda kuelekea vyooni.

Aili aliweka kikombe chini.

"Lile linakwenda wapi?"

"Kumwaga pipa la majivu," Harlan alisema, na sauti yake ikapungua njiani.

*

Alilikuta lori mnyororo wake umeshafungwa kwenye pipa. Nyuma ya jengo la vyoo palikuwa na pipa la chuma lenye kifuniko, refu hadi kifuani, ambamo majivu ya kambi yote yalitakiwa kumwagwa. Lilikuwa limejaa mpaka kifuniko hakifungi. Na pembeni yake, juu ya nyasi, palikuwa na lundo la majivu lenye upana wa kitanda, na katikati ya lundo donge la plastiki ya bluu lililoyeyuka, bado lina mshikio wa waya wa ndoo. Kutoka hapo weusi ulianza mwembamba kama ncha ya mkuki, ukapanuka kuelekea 36.

"Fungua mnyororo," Aili alisema.

Dereva hakumsikia. Aili alisogea karibu, akaonyesha beji.

"Fungua mnyororo, kaka. Usiguse kitu."

"Mimi nimeagizwa tu, mama." Alikuwa mtu mnene mwenye glavu. "Nibebe pipa, na hilo lundo nilizoe, nimwagie changarawe. Na nimeambiwa niwe nimemaliza kabla ya saa sita."

"Mara ya mwisho ulikuja lini?"

"Mimi? Julai. Sikukuu ya tarehe nne ilipopita."

"Wiki saba pipa limekaa, leo ndiyo unakuja?"

"Mimi sina neno. Meneja amepiga simu asubuhi, saa moja, mke wangu hata kahawa hajaweka. Corwin Ostrander mwenyewe. Akasema ni dharura."

Saa moja asubuhi. Ofisi ya Aili ilikuwa imempigia meneja wa hifadhi saa kumi na mbili na nusu kumwarifu kwamba mpelelezi wa jimbo anakuja.

Alifunga utepe kutoka kwenye pipa hadi ukutani, akapiga picha lundo, donge, ncha ya weusi, namba ya lori. Alikuwa bado anapiga picha Ostrander alipofika kwa miguu, kwa haraka, funguo zikigonga kiunoni. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, shati limepigwa pasi, amenyoa vizuri.

"Dada, kuna kutoelewana hapa," alisema. "Hii ni takataka ya kawaida. Haihusiani na tukio lako."

"Inahusiana na nini?"

"Usafi. Kesho nina familia mia mbili zinaingia. Unataka wakute uchafu huu?"

"Jumapili uchafu huu ulikuwepo?"

"Sikumbuki."

"Bwana Ostrander, meko saba ya mstari huu yalizolewa kabla ya moto. Majivu yake yako wapi?"

Ostrander alitabasamu kama mtu anayemweleza mtoto njia. "Ngoja nikueleze kambi, maana naona si kazi yako ya kila siku. Sisi tuna watu wanaokuja hapa tangu babu zao. Wanajua. Halafu tunapata hawa wa mjini, wanaotoka huko wanakotoka, hawajawahi kuwasha moto nje ya jiko la gesi. Yule mama alidanganya hata kuhusu kuni! Mtu anayedanganya kuhusu kuni atasema kweli kuhusu moto?"

Aili alifunga kifuniko cha kamera. Alipojibu, sauti yake ilikuwa chini kuliko kawaida, na dereva wa lori akazima injini ili asikie.

"Amekwisha kuniambia kweli kuhusu kuni. Ilimchukua dakika moja. Mimi nimekuuliza swali moja kuhusu majivu na umenieleza habari za babu za watu. Mgeni ni kuku mweupe, bwana. Kila mtu humwona. Ndiyo maana hamkuhangaika kutazama kuku mwingine."

"Unanitukana?"

"Nakuomba ukae ofisini kwako, usiguse karatasi yoyote mpaka nije. Hiyo ni amri, nimeiandika na saa yake."

Harlan alikuwa amefika na kigari chake. Alikisimamisha mbali, hakushuka. Ostrander alipompita alimtazama mara moja tu, na mzee akainamisha kofia.

*

Aili alimwendea Harlan akapanda kigari, akaketi kando yake kama abiria.

"Nipeleke 41," alisema.

Walikwenda polepole. Harlan alijua kila shimo la njia ile, alilikwepa bila kutazama. Walipofika Aili hakushuka. Walitazama mpini mwekundu.

"Hii kazi ya meko, ulifundishwa na nani?"

"Hakuna wa kufundisha. Unajifunza mwenyewe." Kidogo alinyooka mgongo. "Wengine wanazoa juujuu. Mimi nafika mpaka mchanga. Mgeni akifika akute safi, kama shuka jipya."

"Nimeona. Meko saba, safi. Sijawahi kuona kambi iliyozolewa vizuri hivyo."

"Ni adabu tu."

"Haya ya 41, kwa nini uliyaruka?"

"Tope halizoleki," Harlan alisema mara moja. "Majivu mabichi yanaganda kwenye beleshi, yanakuwa mazito kama saruji. Unayaacha yakauke mpaka kesho ya…"

Aliacha hapo. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani wa kigari kilichosimama.

Aili alitoa ile karatasi aliyoitia sahihi Harlan, akaiweka kwenye dashibodi, baina yao.

"Yalikuwa tope," Aili alisema. "Ulisimama hapa, beleshi mkononi, ukayaona ni tope. Ukabeba vipande vyake sita vya kuni, vya ncha za kijani, ukaenda zako. Halafu siku hiyohiyo ukamwambia naibu sherifu kwamba moto ulitoka hapa."

"Sikutaka…"

"Mzee Brandsma. Ana siku nne jela."

Harlan alivua kofia. Bila kofia alionekana mzee zaidi.

"Wale wa 38 walipika mayai asubuhi," alisema. "Vijana. Hawakumwaga hata tone. Majivu yalionekana meupe, nikadhani yamekufa. Nikazoa, nikatia kwenye ndoo na ya wengine. Pipa lilikuwa limejaa. Wiki tatu limejaa! Nimeandika kwenye kitabu cha kambi mara tatu, nimemwambia Corwin kwa mdomo. Anasema lori ni gharama, subiri sikukuu ipite. Nimwage wapi mimi? Nikamwaga pembeni, kama Jumapili iliyotangulia. Ndoo nikaiacha juu. Plastiki. Mimi, miaka kumi na mbili, plastiki!"

"Na moshi wa 41?"

"Corwin alikuja moto bado unawaka. Akaniuliza, umemwaga wapi? Nikamwonyesha. Akanishika bega. Akasema, Harlan, ukisema hivyo utamalizia maisha jela, na kiwanja chako kimekwenda. Akasema, nani alikuwa wa mwisho kutoka? Nikasema wale akina mama. Akasema, basi uliona moshi kwao. Hakuuliza. Alisema tu, basi uliona."

"Na wewe ukaona."

"Lyle alikuwa anatolewa kwenye machela, afande. Nilikuwa sina akili."

"Jumapili hukuwa na akili. Jumatatu je? Jumanne? Leo umenimiminia kahawa, ukaniambia utamjua anayejua kambi anavyoshuka kwenye gari." Aili alikuwa akiandika akiongea, na kalamu ilitoboa karatasi. Alifungua ukurasa mwingine. "Katika mstari huu wote, watu wanane, nyinyi nyote mnaojua kambi tangu babu zenu, mtu mmoja tu alizima moto wake ukazimika. Ndiye mliyemfunga."

Harlan alilia bila sauti. Aili akamsomea alichoandika, taratibu, akamwambia asome na yeye mwenyewe safari hii, kila mstari.

Alisoma kwa kidole. Akatia sahihi.

"Sasa twende ukanionyeshe kitabu cha kambi," Aili alisema. "Halafu utavaa koti. Mahakama ni saa tisa."

Kitabu kilikuwa kwenye kabati la Harlan, si ofisini. Tarehe kumi na moja Agosti: *pipa limejaa.* Tarehe kumi na tano: *pipa limejaa, tafadhali.* Tarehe ishirini: *C. ameambiwa tena.* Aili alikiweka ndani ya mfuko wa ushahidi, pamoja na vipande sita vyenye ncha za kijani.

*

Mwendesha mashtaka alisoma karatasi zile ameegemea ukuta wa ukumbi wa mahakama. Alizisoma mara mbili. Aliuliza kama mpelelezi angeweza kusubiri mpaka baada ya sikukuu ili jambo hili lishughulikiwe kwa utulivu.

"Hapana," Aili alisema.

Saa tisa na dakika ishirini na tano shtaka liliondolewa. Hakimu alitumia sentensi mbili. Hakuna aliyesema neno samahani, kwa kuwa halikuwa kwenye fomu.

Velma alitoka kwa mlango wa pembeni akiwa na nguo zake mwenyewe, Dolores amemshika mkono huu, Earlene ule. Aili alimwendea akampa karatasi moja ya njano.

"Ni faini ya kuni," alisema. "Kuzileta hifadhini."

"Mungu wangu, Velma!" Dolores alimaka. "Hawa watu hawana haya?"

"Nyamaza, mama. Nilimwambia aniandikie." Velma aliikunja karatasi vizuri, akaitia mkobani. "Na hawa wengine, wao nani anawaandikia?"

"Meneja atahojiwa leo jioni. Kwa kutengeneza ushahidi wa uongo, na kwa kujaribu kuuzoa ule wa kweli. Mzee atashtakiwa pia."

Harlan alikuwa amesimama mwishoni mwa ukumbi na koti lililombana, askari pembeni yake. Velma alimwona. Akajinasua mikononi mwa rafiki zake, akatembea mpaka mbele yake. Alimzidi kimo.

"Mama," Harlan alisema. "Sijui niseme nini."

"Rafiki yako aliye hospitalini, ameamka?"

"Bado. Wanasema mapafu yanaitikia dawa. Labda."

"Nimemwombea kila usiku kwenye chumba kile. Nilikuwa namwombea mtu nisiyemjua, nikijiuliza, Velma, au kweli uliacha cheche? Ulinifanya nitilie shaka kiganja changu mwenyewe." Aliuinua mkono ule mbele ya uso wake, vidole vimetawanyika, na mzee akarudi nyuma nusu hatua. "Ulituambia tumwachie anayekuja. Niliacha. Umezichoma?"

"Hapana. Zote sita zipo. Afande anazo."

Velma aligeuka kumtazama Aili.

"Kesi ikiisha nazitaka."

"Sheria hairuhusu zirudi barabarani, Mama Tolliver. Zitabidi zichomwe palepale hifadhini."

"Basi nitakuja kuzichoma," Velma alisema. "Kiwanja hichohicho. Na ndoo zangu tatu."